Dozi ya Julai, joto la Februari: Ukichoka usikimbilie kuacha dawa

Jumanne ya wiki iliyopita, mama mmoja wa miaka 58 anayepika chapati na supu karibu na kituo cha daladala aliingia kliniki akijishika ukutani. Nilimwamkia, akaitikia kwa sauti ya chini, akakaa kabla sijamkaribisha.

“Daktari wangu, nguvu zimeniisha,” alisema. “Nikiinama kuchochea mkaa, nikiinuka macho yanaingia giza. Na huu moyo sijui uko wapi, hata siusikii.”

Kabla ya kunifikia alikuwa ameshazunguka. Alipima malaria mara mbili, zote hazikuonekana. Duka la dawa la mtaani wakamwambia huenda ni homa ya matumbo, akanunua vidonge vya siku saba. Jirani akamshauri juisi ya rozela ya kuongeza damu. Mwanawe akamletea kinywaji cha kopo cha kuongeza nguvu. Yeye mwenyewe, bila kumwambia mtu, alikuwa ameanza kuruka kidonge kimoja cha presha, siku anameza, siku anaacha.

Nikafungua faili lake. Mwezi uliotangulia presha yake ilisoma 118/74, na pembeni yake kuna mwandiko wangu mwenyewe: “Nzuri, aendelee na dawa.” Nakumbuka hata nilimpongeza. Safari hii nilimpima akiwa amekaa, nikapata 116/72. Kisha nikafanya jambo ambalo sikulifanya mwezi uliopita: nilimwomba asimame, nikasubiri dakika tatu, nikapima tena. Presha ilikuwa 92/58. Mapigo ya moyo yalikuwa 56, na aliposimama yakafika 60 tu. Kipimo cha damu kilionesha hana upungufu. Hakuwa na malaria wala homa ya matumbo. Alikuwa na dozi ya dawa tatu za presha tuliyompangia Julai, na sasa ni Februari, na yeye yuko mbele ya jiko la mkaa tangu saa kumi na moja alfajiri.

Msomaji wangu, jambo ninalotaka tuzungumze wiki hii ni hilo. Dawa haifanyi kazi hewani, inafanya kazi ndani ya mwili, na mwili wa msimu wa joto si ule wa msimu wa kipupwe. Dozi iliyokutosha wakati wa baridi inaweza kukuzidi sasa.

Joto hili si la kawaida kwako peke yako

Wakazi wa pwani tunaijua miezi hii. Kati ya Desemba na Machi upepo wa kaskazi unavuma, unyevu hewani unakuwa mwingi, na mwishoni mwa Februari kuelekea mwanzoni mwa Machi jua linapita karibu sawa na utosi wa Dar es Salaam. Mchana jotoridi hufika nyuzi 32 au 33, na usiku halishuki sana, hasa kwa anayelala chumba kimoja chini ya bati na dirisha amelifunga kwa kuogopa wezi.

Hayo yalikuwapo tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba dunia nzima imepanda ngazi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kuwa mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote tangu vipimo vianze kuwekwa, wastani ukiwa takriban nyuzi 1.55 juu ya ule wa kabla ya enzi ya viwanda. Wakati huo, miaka 10 kuanzia 2015 hadi 2024 ndiyo iliyokuwa imeongoza kwa joto. Jirani zetu wa Sudan Kusini walilazimika kufunga shule kwa sababu ya joto Machi 2024, na wakafunga tena Februari 2025 baada ya wanafunzi kuzirai mjini Juba.

Na wengi tunakumbuka Hija ya Juni 2024. Saudi Arabia ilitangaza vifo vya watu zaidi ya 1,300 katika joto lililovuka nyuzi 50 mjini Makka. Wengi wao walitembea mwendo mrefu juani bila mahali pa kujisitiri, na serikali ya huko ilieleza kuwa miongoni mwao walikuwamo wazee na watu wenye maradhi sugu. Joto letu halifiki nyuzi 50. Lakini swali ni lile lile: mwili wenye maradhi sugu, ambao kila siku unameza dawa, unalihimili vipi?

Swali hili lina uzito nchini kwetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana shinikizo la juu la damu. Waliogundulika na kuanzishiwa dawa wako katika kila mtaa. Wapo nyuma ya majiko, juu ya bodaboda, kwenye mashamba na madirishani mwa ofisi ambazo kiyoyozi chake kiliharibika mwaka juzi.

Tanki, mabomba na pampu

Mwili unajipoza kwa njia kuu mbili. Kwanza unapanua mishipa ya damu iliyo chini ya ngozi, damu yenye joto inatoka ndani kuja nje. Pili unatoa jasho. Jasho linapokauka juu ya ngozi linaondoka na joto. Angalia neno “linapokauka.” Jasho linalodondoka bila kukauka halikupozi, linakupotezea maji na chumvi tu. Ndiyo maana fukuto la Dar, Tanga au Zanzibar linachosha kuliko joto kavu la Dodoma, hata kama nyuzi ni zile zile.

Sasa fikiria tanki la maji la nyumba ya ghorofa. Tanki likijaa na ukafungua bomba moja, maji yanatoka kwa kasi. Ukifungua mabomba yote ya chini kwa pamoja huku tanki likiwa nusu, bomba la ghorofani linaanza kudondosha matone. Mishipa ya ngozi iliyofunguka ndiyo mabomba ya chini. Jasho ndilo linalopunguza maji ya tanki. Na bomba la ghorofani ni ubongo wako. Ukisimama ghafla, damu inaelekea miguuni, ubongo unakosa kwa sekunde chache, macho yanaingia giza.

Mwili wenye afya unarekebisha hali hiyo kwa kuharakisha pampu, yaani moyo. Kila jotoridi la ndani ya mwili linapopanda kwa nyuzi moja, mapigo ya moyo huongezeka kwa takriban 10 kwa dakika. Kwa hiyo mtu ambaye moyo wake hupiga mara 72 akiwa ametulia anaweza kukuta 85 au 90 mchana wa Februari bila kuwa na ugonjwa wowote. Uchovu nao una maelezo: moyo unafanya kazi ya ziada hata ukiwa umekaa, misuli inapata damu pungufu, na usiku hukulala vizuri kwa sababu ya joto.

Dawa zinaingia katika kila sehemu ya mtambo huo. Baadhi zinapunguza maji ya tanki, baadhi zinafungua mabomba, nyingine zinaizuia pampu kuongeza kasi, na zipo zinazozuia jasho. Hebu tuzitazame moja moja. Nitataja majina kama yalivyoandikwa kwenye pakiti, ili uweze kwenda kuyalinganisha na yako.

Dawa zinazopunguza maji

Hizi ndizo wagonjwa wanaziita “dawa za kukojoa”: hydrochlorothiazide, bendroflumethiazide, furosemide, spironolactone na ndugu zake. Ni dawa nzuri na za bei nafuu, na zimeokoa watu wengi. Mara nyingi hydrochlorothiazide haionekani kwa sababu imechanganywa na dawa nyingine ndani ya kidonge kimoja. Tafuta herufi “H” au “HCT” mwisho wa jina, au soma maandishi madogo.

Msimu wa joto maji yanatoka kwa milango miwili, mkojo na jasho. Ikiwa dozi ni ile ile na jasho limeongezeka, mwili unabaki na deni. Pamoja na maji hupotea sodiamu, na kwa baadhi ya dawa hizi hupotea potasiamu pia. Potasiamu ikishuka, misuli inalegea, miguu inakaza usiku na mapigo ya moyo yanaanza kuruka ruka. Sodiamu ikishuka, hasa kwa wazee, kichwa kinauma na mtu anaanza kuchanganyikiwa. Familia inasema “bibi amezeeka ghafla,” kumbe ni chumvi ya damu.

Tahadhari: tumezoea kuambiwa tuangalie rangi ya mkojo kujua kama tumekunywa maji ya kutosha. Kwa anayetumia dawa hizi kipimo hicho hudanganya, kwa sababu dawa yenyewe inafanya mkojo uwe mweupe. Kipimo bora ni mizani. Jipime asubuhi baada ya kwenda haja. Ukipungua kilo mbili ndani ya siku mbili tatu, hujapungua mafuta, umepungua maji.

Dawa zinazofungua mabomba

Hapa wapo amlodipine na nifedipine, na wapo losartan, enalapril, lisinopril na captopril. Zote, kwa njia tofauti, zinalegeza mishipa ili presha ishuke. Joto nalo linalegeza mishipa. Vikikutana, presha inaweza kushuka kupita lengo. Amlodipine pia hufanya vifundo vya miguu vivimbe, na joto huongeza uvimbe huo. Wapo wanaopewa dawa ya kukojoa kwa ajili ya uvimbe huo tu, na hapo tunaongeza tatizo juu ya tatizo.

Kuna mchanganyiko mmoja ninaouogopa kuliko mwingine wowote msimu huu. Mgonjwa anatumia losartan au lisinopril, anatumia na dawa ya kukojoa, halafu mgongo unauma, anakwenda dukani kununua diclofenac au ibuprofen. Mtu huyo akipungukiwa maji, figo zake zinaweza kusimama kazi ndani ya siku chache, bila maumivu ya kumwonya. Ukitumia dawa hizo mbili za kwanza, usimeze ya tatu bila kumuuliza daktari. Kwa maumivu ya kawaida paracetamol ni salama zaidi.

Dawa zinazotuliza pampu

Atenolol, propranolol, bisoprolol, carvedilol. Kazi yake ni kupunguza kasi ya moyo. Kwa mwenye moyo uliopanuka au mwenye maumivu ya kifua, kupunguza kasi huko ndiko kunakomweka hai. Lakini katika joto, moyo unapotakiwa kuharakisha ili kufidia mishipa iliyofunguka, dawa inaushika mkono. Matokeo ni uchovu mzito, miguu kama ya kuazima, na kizunguzungu. Ndiyo maana mama wa chapati aliniambia moyo wake hausikii.

Somo hapa ni muhimu. Watu wengi wamenunua saa za kielektroniki zinazosoma mapigo ya moyo, na wanasema, “Mapigo yangu ni 60, kwa hiyo sijazidiwa na joto.” Kama unatumia dawa za kundi hili, namba hiyo haikupi uhakika. Kengele yako imefungwa kitambaa. Inaweza kulia kwa sauti ya chini hata nyumba ikiungua.

Dawa zinazozuia jasho

Orodha hii huwashangaza wengi. Amitriptyline, ambayo wengi wanapewa kwa ajili ya ganzi na maumivu ya mishipa ya fahamu. Promethazine na chlorpheniramine kwa ajili ya mafua na mzio. Chlorpromazine na benzhexol kwa wagonjwa wa afya ya akili. Hizi hukausha mate, na kwa namna hiyo hiyo hupunguza jasho. Mtu anakuwa na ngozi kavu na ya moto huku wenzake wanalowa. Wagonjwa wa afya ya akili wako hatarini zaidi, kwa sababu baadhi hawatasema kwamba wanasikia joto wala kiu. Kama una ndugu wa namna hiyo nyumbani, usisubiri aombe maji, mpelekee. Na kama anatumia lithium, upungufu wa maji unaweza kufanya dawa ijae kwenye damu hadi kuwa sumu. Mikono ikianza kutetemeka sana, akitapika au akipepesuka, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Vinavyokimbiza moyo

Upande wa pili wapo wanaolalamika moyo unadunda kama ngoma. Salbutamol ya pumu inaweza kufanya hivyo, dawa za mafua zenye pseudoephedrine pia, vilevile dozi ya homoni ya tezi iliyozidi. Na hapa ndipo ninapokutana na vinywaji vya kuongeza nguvu. Dereva wa bodaboda aliyetoka jasho tangu asubuhi, hajala, anakunywa makopo mawili mchana. Kafeini inauchapa moyo ambao tayari unakimbia. Anadhani amepata nguvu, kumbe ameficha uchovu, na uchovu ulikuwa unamwambia anywe maji na akae kivulini.

Kwa wenye kisukari kuna mtego mwingine. Ngozi ikiwa na damu nyingi, insulini inaingia mwilini haraka zaidi, na sukari inaweza kushuka ghafla. Dalili zake ni jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio na udhaifu, zinazofanana sana na za joto. Usikisie, pima. Kama huna kipimo, tumia kitu chenye sukari kwanza, mjadala baadaye. Kumbuka pia kwamba anayetumia atenolol au propranolol huenda asihisi moyo kwenda mbio sukari ikishuka; kwake jasho la ghafla ndilo linalobaki kuwa onyo. Na insulini usiiache ndani ya gari wala dirishani.

Kwa nini usiache dawa mwenyewe

Najua unachofikiria sasa. “Basi nitapumzika dawa mpaka masika.” Tafadhali, usifanye hivyo.

Miaka michache iliyopita, mwezi kama huu, nilimpokea mwalimu mstaafu aliyekuwa akipata kizunguzungu kama cha mama wa chapati. Yeye aliamua kuacha dawa zote kwa pamoja. Siku chache za kwanza alijisikia kijana. Wiki ya tatu mkewe aliamka akamkuta hawezi kuinua mkono wa kushoto, maneno hayatoki sawasawa. Presha yake ilikuwa 214/122. Aliishi, lakini mkono haukurudi kama ulivyokuwa. Mkewe aliniuliza, “Daktari, si alikuwa na presha ya kushuka?” Ndiyo, alikuwa nayo, kwa sababu dawa zilikuwa nyingi kwa msimu ule. Alichohitaji ni kupunguziwa, siyo kuachishwa. Dawa kama atenolol na propranolol zina hatari ya ziada: zikikatwa ghafla moyo unaweza kurudi kwa kasi na nguvu, na kwa mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo hilo linaweza kuleta shambulio.

Kwa hiyo kuna watu wawili ninaowaogopea kwa usawa: anayeanguka kwa sababu dozi imemzidi, na anayepata kiharusi kwa sababu ameitupa. Katikati yao kuna njia, na njia hiyo ni kupima na kurudi kliniki mapema.

Fanya hivi wiki hii

Jifunze kuhesabu mapigo yako. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba. Kaa dakika tano kwanza. Hesabu kwa dakika nzima, usihesabu sekunde 15 na kuzidisha, kwa sababu utakosa mapigo yanayoruka. Kwa mtu mzima aliyetulia, kati ya 60 na 100 ni kawaida.

Kama una mashine ya presha, au jirani anayo, pima ukiwa umekaa, kisha simama na upime tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Ikiwa namba ya juu imeshuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, hilo ni tatizo linalohitaji daktari hata kama namba za kukaa ni nzuri. Pima asubuhi, na pima saa nane mchana pia, saa ambayo joto limekushika. Kosa langu kwa mama wa chapati lilikuwa kumpima saa mbili asubuhi, akiwa amekaa, na kudhani siku yake nzima inafanana na saa ile.

Andika namba hizo kwa siku tatu au nne, nenda nazo kliniki pamoja na dawa zako zote ndani ya mfuko mmoja, zikiwamo za mafua, za maumivu na za mitishamba. Usingoje tarehe ya kuchukua dawa. Daktari anaweza kupunguza dawa ya kukojoa, kubadilisha saa ya kumeza au kuomba kipimo cha figo na potasiamu.

Kuhusu maji: kunywa kidogo kidogo siku nzima bila kungoja kiu, hasa kama umevuka miaka 60, maana kiu hupungua na umri. Lakini kama umeambiwa una moyo kushindwa kufanya kazi au figo zilizochoka, fuata kiasi ulichopangiwa na uulize kama kinahitaji kubadilishwa msimu huu. Dafu ni zuri, lakini lina potasiamu nyingi. Kwa anayetumia losartan, lisinopril au spironolactone, au mwenye figo dhaifu, madafu matatu kwa siku si kinywaji, ni dozi. Pakiti za chumvichumvi za kurudisha maji mwilini ni za kuharisha, kutapika au jasho jingi la kazi nzito. Si za kila siku kwa mwenye presha, kwa sababu zina chumvi.

Lowesha kitambaa, jifute mikono, shingo na kifua, kisha kaa mbele ya feni. Maji yanayokauka juu ya ngozi yanafanya kazi ya jasho bila kukupotezea chumvi. Kazi nzito ifanyike kabla ya saa nne au baada ya saa kumi. Ukiamka, kaa ukingoni mwa kitanda kwanza, ndipo usimame.

Mwaka 2026 Ramadhani na Kwaresima zote zilianza wiki ya tatu ya Februari, katikati ya joto. Kama unakusudia kufunga na unatumia dawa za presha, kisukari au moyo, njoo mapema kabla mwezi haujaandama, siyo siku ya tano ukiwa umebebwa. Wengi wanaweza kufunga salama wakipangiwa upya saa na dozi. Wachache hawawezi, na dini zenyewe zimewapa ruhusa.

Nenda hospitali bila kusubiri ukiona lolote kati ya haya: kuzirai, maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi, mapigo chini ya 50 yenye kizunguzungu, mapigo juu ya 120 ukiwa umetulia, au kutopata mkojo kwa saa nyingi. Mtu anayeongea yasiyoeleweka, aliye na degedege au aliyezimia na mwili wake unachoma, huyo amezidiwa na joto na anaweza kufa. Mpeleke kivulini, mvue nguo nzito, mmwagie maji, mpepee, na tafuta usafiri huku ukiendelea kumpoza. Usimnyweshe kitu kama hajitambui. Panadol haishushi joto la aina hiyo.

Na sisi watoa huduma

Lawama zote zisimwangukie mgonjwa. Kliniki zetu za maradhi sugu zimejaa, mgonjwa anapata dakika chache, na katika dakika hizo tunapima presha akiwa amekaa, tunanakili dawa za mwezi uliopita na kumwita mwingine. Nimefanya hivyo mimi mwenyewe. Kupima mgonjwa akiwa amesimama kunachukua dakika tatu na hakuhitaji kifaa kipya. Tungeweza kukubaliana kuwa kila Desemba, mgonjwa yeyote mwenye zaidi ya miaka 60 au anayetumia dawa ya kukojoa apimwe hivyo na dozi yake iangaliwe upya.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa jotoridi kila siku. Tumezoea kuusikiliza kwa ajili ya mvua na mawimbi. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa mwaka 2024, wanapita nyumba kwa nyumba na wanawajua wazee wanaolala chini ya bati. Wakifundishwa kuuliza maswali mawili tu, “Unameza dawa gani?” na “Ukisimama unapata kizunguzungu?”, wangewakamata wengi kabla hawajaanguka. Na wauzaji wa maduka ya dawa, ambao ndio madaktari wa kwanza wa wengi wetu, wamuulize mteja wa diclofenac kama anatumia dawa za presha kabla ya kumkatia vidonge.

Mama wa chapati tulimsimamishia dawa ya kukojoa kwa muda, tukampunguzia atenolol hatua kwa hatua, tukabakiza amlodipine. Nilimwomba ahamishe jiko lipate upepo na mwanawe achukue zamu ya saa sita. Jana alipita kupimwa: amekaa 128/78, amesimama 122/76, mapigo 68. Aliniambia alikuwa ameanza kuusikia moyo wake tena. Nimempangia arudi mwanzoni mwa Mei, mvua za masika zikiwa zimepoza, kwa sababu dozi hii nayo ni ya msimu, na kipupwe kikikaribia huenda tukahitaji kuirudisha ile ya zamani.